Kabla Hawajapanda Basi: Shajara ya Wiki Tisa na Wanafunzi 19

Jumatatu, 19 Mei

Mradi wetu wa kuandaa maombi ya ufadhili na kazi umeanza leo saa kumi na moja jioni. Chumba cha semina, ghorofa ya pili, viti 24, feni moja inazunguka na nyingine imekufa. Orodha ina majina 19, wote wana GPA, yaani wastani wa alama kati ya 5, ya 4.0 kwenda juu: 14 wa mwaka wa tatu, watano wa mwaka wa pili. Wamefika 12.

Lengo nimeliandika ubaoni na halifutwi mpaka Julai. Kila mmoja aondoke chuoni na faili lililokamilika: CV ya kurasa mbili, matokeo yenye muhuri wa chuo, wadhamini wawili waliokwisha kukubali, insha ya kujieleza, na pasipoti mkononi au risiti ya maombi yake. Juu ya faili hilo, ombi moja liwe limetumwa. Liwe la ufadhili, la kazi au la fildi (mafunzo kwa vitendo), kwangu ni sawa mradi limetoka.

Wameniuliza kwa nini tunafanya haya sasa, zimebaki wiki sita UE, mitihani ya mwisho wa muhula, ianze na kila mtu yuko kwenye msuli wa kusoma. Nimewajibu kwamba ni kwa sababu sasa wapo. Ukishapanda basi la Mwanza au la Tunduma, mhadhiri wako anageuka kuwa namba ya simu isiyopokelewa, bando linakuwa la kuhesabu, na lile ulilosema utalifanya ukifika nyumbani linaanza kuonekana ni la watu wengine.

Nasema ninalolijua. Mwaka niliohitimu nilikuwa na 4.5. Niliacha fomu ya mdhamini kwenye ofisi moja, nikaambiwa nirudi baada ya wiki. Niliporudi fomu haikuonekana. Siku zilikuwa zimebaki tisa, na fomu nyingine ningeipata siku ileile kama ningeomba. Sikuomba. Nilikata tiketi nikaenda nyumbani, na njia nzima nikawa najiambia kwamba mambo ya ufadhili yana wenyewe. Ilinichukua miaka mitatu kujaza fomu nyingine. Wale 12 walinyamaza kimya nilipowasimulia, kisha mmoja akauliza, "Madam, kwa nini hukuuliza mara ya pili?" Nikamwambia niliona aibu. Hakuna aliyeshangaa, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumatano, 21 Mei

Mwenzangu wa idara ya jirani amenisimamisha kwenye ngazi. "Waliofaulu wana shida gani? Si uwasaidie wenye sup?" Si swali baya, nimelala nalo. Mwenye sup, yaani mtihani wa kurudia, ana ratiba yake, ana mshauri, jina lake limebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Mwenye 4.6 haitwi na mtu. Watu wote wanaamini anaijua njia, na yeye mwenyewe anaamini kwamba alipaswa kuijua, kwa hiyo hathubutu kuuliza.

Juzi nilimpa kila mmoja kipande cha karatasi, aandike jina la mhadhiri anayemfahamu yeye kwa jina na kwa kazi zake. Kati ya 12, saba walirudisha karatasi tupu. Hawa ndio vinara wetu. Wamekaa miaka mitatu kwenye kumbi za watu 400, wamelimbikiza A juu ya A, na hakuna mwalimu anayezijua sauti zao. Mtihani unaufaulu ukiwa peke yako na daftari lako. Nafasi huipati hivyo, lazima kuna mtu wa kumwomba kitu, na kuomba hatujawafundisha.

Jumamosi, 24 Mei

Wamefika 16. Leo tumekaa saa nne na nusu juu ya karatasi tatu za manila zilizounganishwa kwa selotepu, tukachora mwaka mzima na madirisha ya maombi. Nayaandika hapa marefu kwa sababu wanafunzi wa mwaka wa pili watayahitaji tena mwakani.

Tumeanza nyumbani, maana wengi huruka nyumbani wakakimbilia Ulaya. Matangazo ya nafasi za TA, wasaidizi wa kufundisha, kwenye vyuo vyetu huomba GPA isiyopungua 3.8 ya shahada ya kwanza. Kila aliyekuwa chumbani leo anazo. Watano hawakuwa na akaunti kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, wamefungua palepale. Kwa wa sayansi na uhandisi kuna Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, inayofundisha uzamili na uzamivu. Kijana wa Hisabati nimemwonyesha AIMS, taasisi ya sayansi za hisabati iliyoanzia Afrika Kusini mwaka 2003 na ambayo sasa ina kituo Kigali. Uzamili wao huja na ufadhili kamili. Alikuwa hajawahi kuisikia. Miaka mitatu anasoma Hisabati, na Kigali ni safari ya basi.

Mandela Rhodes ni skolashipu ya vijana wa Afrika nzima, wa miaka 19 hadi 29, wanaotaka kusoma Afrika Kusini. Hapa tulikwama kwenye neno. Kwetu, mtu akisema ana "honours" anamaanisha daraja la shahada yake. Kule ni mwaka mmoja unaosimama peke yake baada ya shahada ya miaka mitatu, na ufadhili huo huulipia huo mwaka au uzamili. Dirisha lake mwaka huu limeshafungwa. Wa mwaka wa pili wameliandika kwenye daftari.

Rhodes, ya kwenda Oxford, ina nafasi za Afrika Mashariki na hupokea maombi miezi hii ya katikati ya mwaka. Ilianzishwa mwaka 1902 kwa wosia wa Cecil Rhodes na iliwafungia wanawake mlango mpaka 1977. Nililitaja hilo kwa sababu binti mmoja aliuliza kama ni ya wavulana. Alikuwa amelisikia kwa shangazi yake. Swali lake lilikuwa na mizizi.

Commonwealth ya Uingereza kwa kawaida hufunguka kuanzia Septemba na huwatazama wale ambao bila msaada hawawezi kumudu masomo kule. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya ina mambo mawili ninayoyapenda. Mwaka wa mwisho unaruhusiwa kuomba hata kabla hujahitimu, na unasoma kwenye nchi mbili au zaidi ukilipwa euro 1,400 kwa mwezi. Madirisha yake mengi ni Oktoba hadi Januari. DAAD ya Ujerumani hulipia pia shahada za juu kwenye vyuo vya humu humu Afrika. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, tumeiandika kwa wino mwekundu, maana inataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, yaani saa 2,800. Kazi ya kujitolea inahesabiwa. Kwa hiyo Chevening ni sababu ya kuanza kuandika saa zako kwenye daftari kuanzia siku ya kwanza unapojitolea, kwa tarehe na kwa sahihi ya msimamizi.

Manila tumezibandika ukuta wa nyuma. Nimeomba wafanya usafi wasizibandue.

Jumanne, 27 Mei

CV tisa zimeletwa. Saba kati ya hizo zina "hobbies" na dini. Tumekata.

Alhamisi, 29 Mei

Leo sikuwa na kipindi cha mradi, lakini jambo kubwa zaidi la wiki limetokea kwenye kimbweta, benchi la zege, kilicho chini ya mwembe nyuma ya maktaba.

Binti wa Sayansi ya Mazingira alikuwa ameinamia zege, kalamu mkononi, na nyuma ya desa lake (karatasi za masomo) la takwimu kulikuwa na hesabu moja imerudiwa kama mara sita. Mihula mitano ana wastani wa 4.3. Daraja la kwanza linaanza 4.4. Alikuwa anatafuta anahitaji kupata nini muhula huu. Nilikaa, tukafanya pamoja. Kama mizigo ya kozi ni sawa kila muhula, 4.4 mara sita ni 26.4. Toa 21.5 alizokwisha kuvuna. Inabaki 4.9.

"Kozi sita, Madam. Hata B+ moja siruhusiwi." Akafunika uso. Alikuwa amefuta jina lake kwenye orodha yetu asubuhi ile. Alisema hana haja ya kuchosha watu, kwani bila daraja la kwanza atakuwa anaomba nini?

Nilichukua lile desa, chini ya hesabu yake nikaandika safu nyingine. TA: 3.8. Commonwealth: daraja la pili la juu. Chevening, siku yake ikifika: hilohilo. Erasmus Mundus: programu nyingi hazina neno "first class" popote kwenye masharti. Nikamwandikia na sisi wenyewe tunaanzia wapi: 4.0. Kisha nikamuuliza ni mlango gani kati ya hii umefungwa kwa sababu ya ile 0.1. Alisoma mara mbili. Akasema, "Hakuna." Nikamwambia upo mmoja, Rhodes, ambao bila daraja la kwanza ni mgumu mno. Sikutaka kumdanganya. Ni mmoja.

Tulikaa kimya kidogo. Mama wa mihogo akapita, nikanunua ya buku mbili, tukala na pilipili. Akaniambia kwamba kwao wako sita, yeye wa pili, na baba yake alishawaambia majirani neno "first class" kwa Kiingereza bila kujua maana yake. Hapo nilielewa ile 0.1 ilikuwa na uzito gani. Haikuwa ya Commonwealth wala ya chuo. Ilikuwa ya baba.

Jina lake amelirudisha kwenye orodha kwa mkono wake.

Jumatatu, 2 Juni

Kipindi cha wadhamini. Wamefika wote 19 kwa mara ya kwanza.

Nilimwomba kila mmoja aniandikie ujumbe ambao angemtumia mhadhiri. Huu ni wa kijana wa Jiolojia, naunakili kwa ruhusa yake: "Habari za usiku Dokta, samahani sana kwa usumbufu, naomba barua ya rekomendesheni, mwisho kesho." Kila kitu kwenye ujumbe huo kinaomba radhi, na hakuna kinachomsaidia Dokta kumkumbuka. Tulikaa nao dakika 50. Huu ndio aliotoka nao:

"Shikamoo Dokta. Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa tatu, Jiolojia. Muhula uliopita ulitupeleka Lugoba kwenye machimbo ya mawe, na ripoti yangu uliipa 82, ukaandika pembeni 'mchoro mzuri'. Naomba uwe mdhamini wangu katika maombi ya uzamili. Mwisho wa kutuma ni tarehe 1 Agosti. Nimeambatisha CV, matokeo, na ukurasa mmoja wa kazi nilizofanya kwenye kozi yako. Ikiwa ratiba haikuruhusu, naomba unijulishe wiki hii ili nimwombe mwalimu mwingine."

Aliutuma saa 11:20 jioni kidole kikitetemeka, sisemi kwa mfano, niliona. Jibu lilikuja saa 12 kamili: "Nakukumbuka. Njoo Alhamisi na sampuli zako." Chumba kizima kilipiga makofi. Ule ukurasa mmoja wa kazi ulizofanya kwenye kozi ndio siri ya barua nzuri. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia nne hawezi kuandika kitu cha maana juu yako kama hukumpa cha kuandika, na barua inayosema "ni mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu" haimsukumi msomaji popote.

Kabla hatujafunga tumekubaliana kanuni moja. Ukikataliwa au usipojibiwa ndani ya siku tano, unauliza tena. Mara moja zaidi, kwa adabu. Kisha unakwenda kwa mwingine.

Jumanne, 10 Juni

Sikukuu ya Idi imetuchukulia kipindi kimoja. Leo: majina.

Nilidhani pasipoti ni suala la pesa tu, ile 150,000, ambayo kwa mwanafunzi anayesubiri bumu, pesa za mkopo, ni mlima. Kumbe mlima mkubwa ni herufi. Tumepanga vyeti mezani: cha kuzaliwa cha RITA, cha kidato cha nne, cha sita, na namba ya kitambulisho cha taifa ya NIDA. Kati ya 19, sita wana majina yasiyolingana. Zainab na Zainabu. Jina la babu limo kwenye cheti kimoja, halimo kwenye kingine. Mmoja mwalimu wake wa shule ya msingi alimwandika kwa jina la baba mdogo kwa kuwa ndiye aliyempeleka kuandikishwa.

Haya hurekebishwa, kwa kiapo na kwa hati ya kubadili majina, lakini huchukua wiki na wakati mwingine miezi. Barua ya ufadhili ikishatoka, ndiyo wakati mbaya kuliko wote wa kugundua kwamba pasipoti yako na cheti chako ni watu wawili. Hao sita wameanza leo. Mwanasheria mmoja, ndugu wa mwenzetu, amewapokea bila malipo. Mungu ambariki.

Jumamosi, 14 Juni

Insha.

Kwanza nimejirekebisha mimi. Nilikuwa nimepanga kupita kwenye insha zote na kalamu nyekundu. Rhodes inamtaka mwombaji athibitishe kwamba insha ni kazi yake mwenyewe. Kwa hiyo wale wawili wanaoomba Rhodes sikugusa hata nukta yao, na nimewaeleza sababu mbele ya wenzao. Kwa wengine tumefanya hivi: wanasomeana kwa sauti, msikilizaji anasema wapi alisinzia na wapi aliona kitu. Hakuna anayeandika kwenye karatasi ya mwenzake. Na roboti za kuandika insha tumezipiga marufuku humu ndani. Mtu asiyejua kujieleza bila hizo atakwama kwenye usaili.

Insha 11 kati ya 17 zilianza na "Tangu nikiwa mdogo nimekuwa nikipenda sana..." Nimewaomba wafute aya yote ya kwanza na kuanzia ya pili. Kwa wengi ilitosha.

Ya binti wa Takwimu ilitunyamazisha. Alikuwa ameandika kurasa mbili kuhusu umuhimu wa takwimu kwa maendeleo ya taifa. Msikilizaji wake, yule kijana wa Hisabati, akamwambia kwa upole, "Sijakuona humu." Akakasirika kidogo, akatoka nje. Alirudi baada ya nusu saa na hiki: kwao ni Newala, na alipokuwa darasa la tano baba yake alimpa kazi ya kuandika kilo za korosho kwenye daftari la shule, gunia kwa gunia, kabla hazijapelekwa ghalani. Msimu mmoja jumla yake na jumla ya baba zilipishana kilo 11. Baba akasema mtoto amekosea. Alikesha na kibatari akirudia safu moja moja mpaka akaona: baba alikuwa ametoa uzito wa magunia mara mbili, mwanzoni na mwishoni. Asubuhi alimpelekea daftari akiwa anaogopa kuchapwa. Baba aliangalia muda mrefu, akamwita mama yake aje aone.

Hayo yote yalikuwa ndani yake na alikuwa anatuandikia kuhusu maendeleo ya taifa. Nilimuuliza kwa nini hakuanza na hilo. "Niliona ni mambo ya nyumbani."

Nalifikiria sana hilo jibu. Wanafunzi hawa wamepanda kwa kujifunza kuyaacha ya nyumbani mlangoni. Darasani Kiingereza, kwenye mtihani nadharia, kwenye ripoti sauti isiyo ya mtu. Halafu siku moja fomu inawauliza "wewe ni nani?" na wanatafuta jibu kwenye desa.

Alhamisi, 19 Juni

Wanafunzi wetu watatu walikuwa wameingizwa kwenye kundi la WhatsApp la mtu anayejiita wakala wa ufadhili wa Kanada. Anataka 85,000 za "usajili" kwa njia ya simu kabla ya Ijumaa. Mmoja ameshatuma. Ilikuwa hela ya chakula ya wiki tatu.

Hatukumgombeza. Ametaja jambo hili mwenyewe mbele ya watu 18, na kwa umri wake mimi nisingeweza. Tumechangishana palepale, zikapatikana 41,000. Kisha tumeandika kwenye manila, kwa herufi kubwa: wafadhili tuliowaorodhesha hapa hawadai hela ya kujaza fomu yao, na hakuna anayetaka namba yako ya siri. Ada ya maombi ya chuo chenyewe huwepo mahali pengine, hiyo ni kweli, lakini hulipwa kwenye mfumo wa chuo, si kwa namba ya mtu, na vyuo vingi huisamehe ukiandika barua kuomba. Kuomba, tena.

Na mtihani wa Kiingereza: kabla hujalipa, soma sharti. Vyuo kadhaa hukubali barua ya chuo chako inayothibitisha kwamba masomo yalifundishwa kwa Kiingereza. Barua 14 tumeziomba kwa pamoja leo.

Jumatano, 25 Juni

Tumesimamisha vikao mpaka UE iishe. Mitihani inaanza Jumatatu.

Nimewaambia mambo mawili tu. Walale. Kuna mmoja, simtaji kozi, alikuja jana macho mekundu, siku ya tatu anakesha, na alikuwa hawezi kumaliza sentensi. Nilimpeleka hosteli mimi mwenyewe na nikamwomba mwenzake wa chumba amfungie simu. La pili: ukihisi umeelemewa kupita kawaida, kama huli, kama unawaza kutokuwepo, mlango wangu na wa mshauri wa wanafunzi uko wazi, na huna haja ya sababu ya maana ya kugonga. Wanafunzi wa ufaulu wa juu hujificha vizuri kuliko wote. Alama zao zinawafunika.

Binti wa 4.3 ameniuliza kama aendelee kulenga 4.9. Nimemwambia alenge. Sasa anaweza kulenga bila kuogopa.

Jumapili, 6 Julai

Wiki ya kwanza ya UE imeisha. Nimeletewa salamu na chapati mbili ofisini, hazina jina.

Jumapili, 13 Julai

Jana usiku watatu waliomaliza mitihani mapema walikuja nyumbani kwangu kutuma maombi ya nafasi za utafiti na uzamili, kwa kuwa nina intaneti ya waya. Saa 4:35 usiku LUKU ikaisha. Giza. Kijana wa Hisabati alikuwa amebakiza ukurasa wa mwisho kati ya saba na laptopu yake betri haishiki chaji. Nikanunua umeme kwa simu, tokeni haikuja. Dakika kumi, haikuja. Binti wa Takwimu akawasha hotspoti, wakahamishia kila kitu kwenye laptopu yake kwa fleshi, wakaanza upya ukurasa wa kwanza, mmoja anasoma kwa tochi ya simu, mwingine anachapa. Saa 5:50 likaenda. Ikaonekana ile alama ya kijani na namba ya ombi. Waliimba. Jirani aligonga ukuta.

Tokeni ilikuja saa 6:10.

Tumejifunza: kila hati iwe kwenye simu, kwenye fleshi na kwenye barua pepe, na siku ya mwisho ya kutuma iwe kwetu siku tatu kabla ya siku ya mwisho yao.

Ijumaa, 18 Julai

Hesabu ya kufunga. Wa mwaka wa pili nao tumewahesabu.

CV: 19. Matokeo yenye muhuri: 19. Barua za Kiingereza: zote 14 zimetoka. Insha zilizokamilika: 17. Pasipoti zilizopo au zilizoombwa: 12. Kati ya sita wenye majina yaliyopishana, wanne wana hati mkononi, wawili bado. Wadhamini wawili waliokubali: wanafunzi 18. Maombi yaliyotumwa: 23, kutoka kwa wanafunzi 16. Wawili wanamalizia Rhodes, peke yao, kama inavyotakiwa. Matatu kati ya maombi 23 yameshajibiwa: mawili ni ya fildi kwa wa mwaka wa pili, yamekubaliwa, moja ni nafasi ya msaidizi wa utafiti, limekataliwa. Aliyekataliwa aliandika siku ileile kuuliza angeboresha nini, na wamemjibu kwa aya nzima. Nimeibandika kwenye manila kwa ruhusa yake.

Insha mbili ambazo hazijakamilika ni kosa langu pia. Wale walihitaji muda wa kukaa na mtu mmoja mmoja, nami nilishughulika na chumba kizima. Muhula ujao tutaanza wiki ya nne, si ya tisa, na mwenzangu wa idara ya jirani, yule wa ngazini, amesema atachukua watano.

Manila tumezikunja, zimo kabatini kwangu. Ufunguo wa chumba nimeurudisha.

Jumamosi, 19 Julai

Wengi wameondoka alfajiri na mabasi ya stendi ya Magufuli. Nimeamka na jumbe nane.

Mmoja tu kati ya 19 alikuwa hana mdhamini wa pili, binti wa mwaka wa tatu kutoka Kahama, mkimya kuliko wote. Profesa aliyemwomba Juni hakujibu. Wiki iliyopita nilimkumbusha kanuni ya siku tano, akaitikia kwa kichwa, nami nikajua hajauliza tena. Sikumsukuma.

Saa 8 mchana amenitumia ujumbe wa sauti. Kelele za stendi, mtu anauza mayai, honi. Anasema wamesimama Dodoma kuchimba dawa, na alipotoka Morogoro alimwandikia Profesa mara ya pili, kwa sababu aliona Dodoma ikipita atakuwa amefika nyumbani. Sauti yake iko juu juu. "Madam, amekubali. Anasema alidhani nimeshapata mwingine. Sasa nimwambie nini?"

Nimemwambia amshukuru, halafu amtumie ukurasa wa kazi zake kabla basi halijaondoka.